Bastola Ndogo, Teke Kubwa: Kweli au Uongo?

Julai ikifika, hapa Ilomba, Mbeya, hakuna anayetoka nyumbani bila koti. Pale kijiweni kando ya barabara kuu ya Tanzam, malori ya Tunduma yakipita na moshi wake, wanaume hushika vikombe vya chai kwa mikono miwili na kubishana mpaka jua lipande juu ya mlima Loleza. Asubuhi moja ubishi haukuwa wa mpira. Jirani yangu, mnunuzi wa mpunga anayekwenda Mbarali na kurudi na fedha taslimu, alikuwa amepata leseni ya bastola baada ya kuzunguka ofisi kwa miezi mingi. Ilikuwa rivolva ndogo ya matundu matano, haifiki nusu kilo. Alichobakiza kutafuta ni risasi.

"Kaka, nitajie iliyo kali kuliko zote," akaniambia.

Sikupewa nafasi ya kujibu. Mmoja aliwahi kuwa mgambo, mwingine ana shemeji jeshini, wa tatu kasomea kwenye sinema, na kila mmoja alikuwa na jina la risasi mdomoni. Kosa la kwanza la jirani yangu lilikuwa kuitangaza bastola yake kijiweni, na hilo nilimwambia pembeni. Mengine niliyabeba kichwani hadi nyumbani. Nimeyaweka hapa moja baada ya jingine, kama yalivyosemwa, na hukumu yake.

1. "Bastola ndogo na nyepesi ndiyo rahisi kupiga. Ni ya wanaoanza, na ya akina mama."

UONGO. Rahisi ni kuibeba. Kuipiga ni habari nyingine.

Wazee wa vijijini wanaolijua gobore hawahitaji kufundishwa hili. Gobore likijazwa baruti kupita kiasi humwacha mpigaji na bega la buluu. Sababu ni ile kanuni ya Newton ya mwaka 1687 ambayo sote tuliikariri shuleni: risasi ikisukumwa mbele, silaha nayo husukumwa nyuma kwa msukumo uleule. Silaha nzito hurudi nyuma polepole kwa msukumo huo. Nyepesi hurudi kwa kasi, ikampiga mwenye mkono.

Tuchukue mfano wa bastola mbili zinazotumia risasi moja, ile ya .38 Special iliyotoka mwaka 1898 na inayoendelea kuuzwa hadi leo. Ya kwanza ni Smith & Wesson Model 10, bastola ya chuma ambayo polisi wa nchi nyingi waliibeba karne iliyopita, uzito wake kama kilo moja. Ya pili ni ndogo ya aloi ya alumini, gramu 420 hivi. Ukipiga risasi ileile katika zote mbili, nguvu ya teke la ile ndogo huzidi mara mbili ya lile la kubwa. Kwenye risasi hakuna kilichobadilika; kilichopungua ni chuma.

Na teke si tatizo pekee. Mpini wa bastola ndogo hutosha vidole viwili, cha mwisho kinaning'inia hewani. Kilengeo cha mbele ni kijipande cha chuma usichokiona vizuri ukiwa na hofu. Triga yake ni nzito: nyingi huhitaji mvuto wa kilo tano na ushee ili nyundo irudi na kupiga. Kwa maneno mengine, kidole kimoja kinavuta uzito wa ndoo ndogo ya lita tano iliyojaa maji, wakati kitu chenyewe unachotakiwa kukishika kisitikisike hakifiki nusu kilo. Anayemnunulia mama yake mzee bastola ya namna hii kwa sababu "ni ndogo kama yeye" amemnunulia silaha iliyo ngumu kuliko zote dukani.

2. "Risasi kali zaidi, kinga zaidi."

UONGO, na ndio uliomleta jirani yangu kijiweni.

Zipo rivolva za metali nyepesi mno, gramu 330 hivi, zinazopokea risasi ya .357 Magnum. Kwenye karatasi inavutia: nguvu kubwa, mzigo mdogo. Mkononi, teke la .357 katika silaha hiyo huzidi mara mbili lile la .38 ya kawaida. Wengi hupiga risasi moja, wakakunja uso, wakapiga ya pili kwa heshima tu ya waliosimama nyuma yao, kisha wakairudisha bastola kabatini.

Madhara huanzia hapo. Mwili una kumbukumbu. Mkono ulioumizwa leo, kesho hujihami kabla ya kishindo: macho hufumba, kiganja hubana, mdomo wa mtutu huinama kidogo chini kabla risasi haijatoka. Mpigaji mwenyewe hajui. Walimu wa shabaha wana dawa ya kumwonyesha: wanachanganya risasi za bandia na za kweli katika silinda bila yeye kuona. Nyundo ikiangukia ya bandia, hakuna kishindo cha kuficha kosa, na kila mtu anaona mtutu ukizama kama jongoo aliyeguswa. Nimeonyeshwa hivyo nami, na aibu yake sijaisahau.

Silinda ina risasi tano. Risasi iliyokosa haina nguvu yoyote ya kujivunia, tena imekwenda mahali ambapo hukupachagua. Kwa hiyo swali la kuuliza si ipi kali. Uliza ni ipi unayoweza kuipiga tano mfululizo, mahali unapokusudia, na kesho ukatamani kurudi kuzoeza tena.

3. "Risasi ya teke dogo ni ya kuchezea shabaha tu."

UONGO, lakini una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo yenye faida kwa msomaji.

Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, makachero wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili. Makachero wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, ingawa mmoja wa majambazi alikuwa amepigwa mapema kwa risasi iliyoishia njiani mwilini. Baada ya hapo FBI waliacha kuhukumu risasi kwa kishindo na sifa za dukani. Walianza kupima jinsi inavyopenya katika jeli maalumu: angalau inchi 12, yaani sentimita 30, na isizidi 18, yaani sentimita 46. Ikiwa pungufu, inaweza isifike panapotakiwa. Ikizidi, inaweza kutoka upande wa pili na kumkuta asiyehusika.

Kipimo hicho hakiulizi mkono wako umeumia kiasi gani. Na hapo ndipo risasi moja ya kizamani inapopata heshima yake: wodikata. Ni risasi ya madini ya risasi yenyewe, kichwa chake kimekatwa bapa kama kizibo na kimezama ndani ya ganda, kiasi kwamba ukiitazama unadhani haijamalizwa kutengenezwa. Ilibuniwa kwa walenga shabaha kwa sababu hutoboa karatasi tundu safi la mviringo. Inakwenda polepole, na kwa kuwa haifunguki haipotezi nguvu haraka njiani, hivyo hufikia kina kile cha FBI hata ikitoka katika mtutu mfupi. Wamiliki wengi wa rivolva ndogo huko Marekani wamerudi kwayo kwa sababu hiyo.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha uzito wa risasi, ukiugeuza kuwa kilo, kwa kasi yake. Wodikata ya gramu 9.6 ikienda mita 210 kwa sekunde inakupa 2.0. Risasi ya gramu 10.2 yenye alama ya +P, yaani ya mgandamizo uliopandishwa, ikienda mita 270, inakupa 2.75. Katika bastola ileile nguvu ya teke hufuata mraba wa namba hizo, kwa hiyo ya kwanza hupiga teke linalozidi kidogo tu nusu ya la pili. Karibu nusu ya maumivu imeondoka bila kubadilisha bastola.

Mipaka sasa. Kwanza, wodikata ni bapa, na kuiingiza katika silinda kwa haraka ni kazi. Haina ncha ya kuielekeza tunduni. Pili, zipo risasi za teke dogo zilizopatikana kwa kupunguza uzito mno, kama zile za gireni 90, kipimo nitakachokieleza mbele kidogo. Hizo ni laini mkononi, ila ufupi wa safari yake ndani ya jeli ndio bei ya ulaini huo. Tatu, kuna wanaoona hata .38 ni kali, wakashuka hadi .32. Si wazo la kudharau. India, mwaka 2014, kiwanda cha serikali cha Kanpur kilitoa rivolva ya gramu 500 iitwayo Nirbheek, ikilengwa kwa wanawake baada ya msiba wa Delhi wa 2012, mwanafunzi alipobakwa na kuuawa, na ilitengenezwa kwa .32. Teke lake ni dogo kweli. Lakini kabla hujaitamani, uliza kama risasi zake utazipata hapa nchini mwaka hadi mwaka. Silaha yenye risasi adimu haizoezwi.

4. "Risasi nyepesi ina teke dogo siku zote."

NUSU KWELI. Uzito ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kasi, na gesi ya baruti inayotoka nyuma ya risasi nayo inahesabiwa.

Kwenye sanduku utaona namba na herufi "gr". Hiyo ni gireni, kipimo cha uzito wa risasi yenyewe. Gireni 158 ni kama gramu 10.2, gireni 110 ni kama gramu 7.1. Ukiona 110 usikimbilie kufurahi. Tazama kama pembeni yake kuna alama ya +P, inayomaanisha mgandamizo wa baruti umepandishwa kuliko kawaida. Nyepesi ya kawaida ni nafuu kwa mkono. Nyepesi iliyopandishwa inaweza kukurudisha ulikotoka, tena kwa teke la ghafla, kama kofi badala ya msukumo.

Alama hiyo ina jambo jingine: bastola nyingi za zamani hazikutengenezwa kuistahimili. Soma maandishi ya mtutu na kitabu cha silaha kabla ya kusoma sanduku.

5. "Ile yenye kishimo kichwani hufunguka kila mara, ndiyo maana imepigwa marufuku duniani."

UONGO mara mbili.

Tuanze na marufuku. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazotanuka mwilini katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Kisa chake kilikuwa risasi za kiwanda cha Dum Dum, jirani na Calcutta, zilizotumiwa na jeshi la Waingereza. Azimio hilo halizungumzii raia anayelinda nyumba yake wala polisi mjini. Majeshi mengi ya polisi duniani hubeba risasi hizo, kwa sababu ikitanuka husimama mapema na haipiti kwenda kwa mtu wa pili. Kwa raia wa Tanzania kinachoamua ni sheria ya nchi na leseni yake, na wa kuulizwa ni polisi, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Sasa kufunguka. Kishimo hufunguka pale kitu kilicho majimaji kinapoingia kwa kasi na kukipasua kutoka ndani. Mtutu wa inchi mbili hauipi risasi muda wa kushika kasi hiyo. Baruti nyingine huungulia nje, ikawa mwali na kishindo. Ongeza koti. Nguo huziba kishimo kama tope linavyoziba bomba, na risasi hupita kama ya kawaida. FBI wenyewe waliingiza mavazi mazito katika vipimo vyao. Watengenezaji kadhaa wamejaza kishimo hicho kwa plastiki laini ili nguo isiingie, wengine wakarudi kwenye umbo bapa.

Dar es Salaam, ambako watu huvaa shati moja mwaka mzima, mjadala huu unaweza kuonekana wa vitabuni. Mbeya, kwenye mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa Juni na Julai watu wakitembea na sweta ndani ya koti, ni wa mtaani. Risasi inayotegemea kufunguka, kutoka katika mtutu mfupi, kupitia koti la mitumba la soko la Mwanjelwa, imepewa mitihani mitatu kwa mpigo. Isiyotegemea kufunguka haina mtihani wa kufeli.

6. ".38 ni .38 tu. Yoyote itaingia."

UONGO, na huu unaweza kukutoa vidole.

Ziko .38 mbili zinazochanganywa. Bastola za Webley na Enfield za enzi za mkoloni zilitumia .38 fupi na nene, iitwayo .38 S&W. Ganda lake lina urefu wa milimita 20 hivi. Ile .38 Special ya leo ina ganda la milimita 29 na ni nyembamba kidogo. Hazibadilishani. Zipo bastola kuukuu ambazo fundi alizitoboa zaidi ili zipokee ndefu. Humo ganda hutanuka na kupasuka, na gesi hutafuta pa kutokea karibu na uso wako.

Kinyume chake kuna KWELI moja ya kufurahisha: bastola iliyoandikwa .357 Magnum hupokea .38 Special bila tatizo. Ganda la .357 limerefushwa zaidi ya milimita tatu makusudi ili lisiingie katika bastola ya .38, lakini fupi huingia katika ndefu. Kwa hiyo aliyekwisha kununua .357 nyepesi na kujuta hahitaji kuiuza. Ahakikishe leseni yake inaruhusu, apige .38, mkono utamshukuru.

Na ukikuta Webley ya marehemu babu sandukuni, usianze na swali la risasi. Leseni haiachwi kama shamba la kahawa. Urithi wa bastola huanzia kituo cha polisi.

7. "Rivolva haikwami."

NUSU KWELI. Ni kweli haitegemei springi ya magazini, na risasi moja ikigoma unavuta triga tena silinda inageuka. Lakini nyepesi mno ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo huletwa na teke.

Bastola inaporuka nyuma kwa kasi, maganda yaliyomo katika silinda huenda nayo. Vichwa vya risasi vilivyobaki, kwa uzito wake, vinataka kubaki vilipokuwa. Mfungo wa ganda ukiwa legelege, kichwa huchomoka kidogo kidogo kila unapopiga, hadi kinachungulia nje ya silinda, kinagonga fremu, na silinda inagoma kuzunguka. Sasa una kipande cha chuma mkononi, si silaha. Smith & Wesson huandika kwenye mtutu wa .357 yao nyepesi kabisa onyo jingine, la kutotumia risasi ya chini ya gireni 120, ili silinda ya titani isiliwe mapema. Ni onyo ambalo mtu wa kijiweni hawezi kukueleza, kwa kuwa yeye anajua nyepesi ni salama.

Unaweza kuchunguza bila maabara. Mahali panaporuhusiwa, jaza tano, piga nne, itoe ya tano na uilinganishe na mpya kutoka sandukuni. Ikiwa imerefuka, hiyo si risasi ya bastola yako. Risasi ya teke dogo hupunguza tatizo hili pia, kwa sababu kinachochomoa kichwa ni ule mruko.

8. "Zoeza kwa hafifu, tembea na kali."

UONGO, ingawa mfuko unaupenda.

Rivolva ndogo hazina kilengeo cha kurekebishwa. Kiwanda kimekikaza kwa risasi ya uzito fulani, mara nyingi ile ya gireni 158. Risasi nzito ya polepole hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati mtutu unapanda, kwa hiyo hutua juu. Nyepesi ya kasi hutoka mapema, hutua chini. Aliyezoea moja akabeba nyingine amejifunza njia ya kwenda Uyole kisha akapanda gari la Chunya.

Zaidi ya hapo, siku ya hofu mkono utakutana na teke usilolijua. Uzuri wa kuchagua risasi laini tangu mwanzo ni kwamba ya kuzoezea na ya kubebea zinaweza kuwa ileile. Tanzania risasi hununuliwa kwa leseni na kuandikwa daftarini. Mwenye chache ana kila sababu ya kutaka kila moja imfundishe kitu cha kweli.

9. "Mpini wa mpira ni urembo. Teke utalipunguza kwa kutoa baruti kidogo nyumbani."

Sehemu ya kwanza UONGO. Mpini mpana wa mpira, unaofunika ule ukingo wa chuma wa nyuma na kukipa kidole cha mwisho mahali pa kukaa, husambaza teke katika kiganja kizima badala ya kulirundika kwenye shina la kidole gumba. Hasara yake ni kwamba mpira hushikana na nguo ukiibeba ndani ya koti. Kila ndege huruka kwa ubawa wake: jaribu kwa mkono wako, si wa muuzaji.

Sehemu ya pili ni UONGO na kosa la jinai. Kutengeneza risasi bila leseni hakuruhusiwi. Na baruti ikipungua mno, kichwa cha risasi hukwama katikati ya mtutu. Mpigaji, akisikia kishindo kidogo tu, huvuta triga tena. Kinachofuata husimuliwa na mtu mwingine.

10. "Nina leseni. Nikivamiwa, sheria hainigusi."

UONGO. Leseni inakuruhusu kuwa na silaha. Kila risasi inayotoka ina kesi yake.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaeleza nani amiliki na kwa masharti gani. Matumizi yake hupimwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu kimoja kinakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako au mali. Kinachofuata kinaifunga haki hiyo kwa kamba: utumie nguvu ya wastani iliyo ya lazima kwa utetezi huo, na ukizidisha utawajibika kwa kilichotokea. Mwizi aliyekwisha kuruka ukuta na anakimbia kuelekea Sae si tishio lilelile lililokuwa chumbani kwako dakika moja kabla.

Kuna na jambo la kuta. Nyumba zetu zimebanana. Kati ya kitanda chako na cha mtoto wa jirani pengine kuna dirisha la kioo, bati la uzio na mlango wa mbao. Risasi haisomi hati ya kiwanja. Anayefyatua hewani "kutisha tu" naye asikae akidhani mbingu imeipokea. Inarudi, na inarudi juu ya paa la mtu. Hapa ndipo hoja ya risasi inayodhibitika inapokuwa hoja ya ujirani: mkono unaotawala teke ndio unaojua kila risasi imekwenda wapi.

Sarafu ya shilingi mia mbili

Jioni ya siku ileile jirani yangu alibisha hodi. Sikumtajia jina la risasi. Nilimwomba anionyeshe silinda iko tupu, nami nikaitazama, kisha akaitazama tena. Sanduku la risasi lilibaki kwake, limefungiwa. Tukaweka risasi za bandia, akaelekea ukuta wa tofali usio na mtu nyuma yake, mlimani upande wa shamba. Juu ya mtutu, nyuma tu ya kilengeo, nikamwekea sarafu ya shilingi mia mbili.

"Vuta triga mpaka nyundo ianguke," nikamwambia. "Sarafu isianguke."

Ilianguka. Akacheka, akaiokota, akarudia. Ikaanguka. Mara ya sita hakuwa anacheka tena. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye baridi ile. Bastola haikuwa na baruti hata chembe, hapakuwa na teke wala kishindo, na bado kidole chake kilikuwa kinaitikisa kwa uzito wa triga peke yake. Sarafu ilikaa mara ya kumi na kitu, alipoacha kuinyakua triga na kuanza kuivuta taratibu.

Akaishika ile sarafu kiganjani, akaitazama kwa muda.

"Kwa hiyo ile kali..." akaanza.

"Ile kali ingeongeza nini hapa?"

Hakujibu. Aliniuliza kama mpini wa mpira unapatikana, na kama ile bapa inayofanana na kizibo inaweza kuagizwa, maana akienda dukani anataka ajue cha kuomba. Kisha akaomba aondoke na sarafu. Nilimwachia. Tangu siku hiyo, usiku, taa yake ikiwa inawaka, kuna nyakati nasikia kupitia ukuta mlio mdogo wa shaba ikidondoka sakafuni. Siku hizi unasikika kwa nadra.